Mwaka Chini ya Picha

Simu ya studio haikuwa mlizi. Wiki ikiwa njema ililia mara tatu, na wiki hiyo Somoe aliihesabu kuwa wiki yenye watu. Aliilaza mezani juu ya kitambaa, kioo kikitazama dari, na pembeni yake aliegesha kipande cha boksi ambacho Stefano alimwandikia kwa kalamu nene, herufi kubwa zisizoungana, ili asome bila kukwama:

STUDIO YA STEFANO, KARIBU. NI PICHA IPI? NI YA KAZI GANI? SUBIRI, NITAMUULIZA MWENYEWE.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya kazi. Alikwisha kuyakariri siku nyingi, lakini simu ikilia macho yake yalilikimbilia lile boksi kama mtoto anayekimbilia nguo ya mama yake mgeni akipiga hodi. Bila boksi sauti haikutoka. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Shule aliiacha darasa la tano, bibi yake alipopooza na kukosa mtu wa kumgeuza kitandani, na kwa miaka yote mitano aliyosoma mwalimu hakuwahi kumsikia akijibu kwa sauti ya kufika dirishani. Bibi alipofariki, Somoe aliondoka kijijini kwao, bondeni karibu na Ruvuma, akaja Mtwara kupiga deki katika studio hii ya Shangani. Chumba alipanga Likombe. Alikuwa na miaka ishirini. Sasa alikuwa na ishirini na minne.

Stefano, mwenye studio, alikuwa mtoto wa mwalimu kutoka Njombe aliyehamishiwa Mtwara zamani. Baba alistaafu akarudi kwao kwenye baridi, mtoto akabaki na kamera. Alipiga picha za harusi na vitambulisho ili ale, na picha nyingine alipiga kwa sababu hakuweza kupita bila kuzipiga: wabanguaji wa korosho wenye vidole vyeusi, wanawake wakichambua dagaa, vijana kwenye mashamba ya chumvi. Hizo ndizo alizoziweka kwenye tovuti yake. Kila picha ilipitiwa na jina lake katikati, kwa maandishi hafifu kama moshi, na chini yake kulikuwa na mstari uleule: *Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili wala kutumia picha hii bila ruhusa. Kwa ruhusa piga namba hii.* Kisha namba, kisha mwaka picha ilipopigwa.

Ukali huo ulikuwa na chanzo chake. Siku moja Stefano aliingia buchani kununua nyama, akainua macho, akamwona mzee wake wa Mikindani amening'inia ukutani ndani ya kalenda ya watu asiowajua. "Miezi kumi na miwili, Somoe," alikuwa akisimulia, "na jina langu halimo hata kwenye Februari, mwezi mfupi kuliko yote." Tangu hapo hakuna aliyetumia picha yake bila kupiga simu. Isipokuwa watu wa aina moja, na hilo alimfundisha Somoe mapema: "Aliyemo ndani ya picha haombi ruhusa. Mama yake haombi. Mtoto wake haombi. Hao futa jina langu usoni pao, wape picha safi, waende nayo."

Kisha figo zikamgeukia Stefano. Akaenda Dar es Salaam kwa dada yake, karibu na matibabu, na studio ikafunga kamera. Kilichobaki ni tovuti, simu na Somoe. Kabla ya kuondoka alimkalisha mbele ya kompyuta akamwonyesha mambo mawili: jinsi ya kulifuta jina kwenye picha ya mtu wa familia, na jinsi ya kubadilisha mwaka.

"Kila Januari," alisema. "Mwaka uko chini ya kila ukurasa. Usiache hata mmoja. Mtu akikuta mwaka wa zamani anasema hawa wameshakufa, anachukua picha anaondoka."

Yeye alikuwa na maana ya kurasa tatu: ule wa mbele, ule wa kumweleza yeye ni nani, na ule wa namba ya simu. Lakini Somoe, alipoibonyeza picha, ilifunguka ikajaa kioo kizima, na chini yake palikuwa na mwaka. Huu nao si ukurasa? Angeweza kuuliza. Kuuliza kulimaanisha kupiga simu Dar, na Somoe alikuwa hajawahi kumpigia mtu simu maishani mwake. Alikuwa anapokea tu. Basi Januari ile ya elfu mbili na ishirini na tano alikaa siku nne, kidole kimoja kikitafuta namba, akabadilisha mwaka chini ya picha mia mbili na kumi na nne. Hakuacha hata mmoja. Siku ya nne alipomaliza aliisafisha meza, akatamani pawe na mtu wa kumwambia.

Stefano alipopiga, alimwuliza, "Mwaka umebadilisha?"

"Ndiyo, kaka."

"Vizuri." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Vizuri sana, Somoe."

*

Simu ilikuja Jumanne, katikati ya mwezi wa Shaabani, mchana wa mvua ya rasharasha.

"Haloo! Ndiyo kwa mwenye picha?"

Somoe alilitazama boksi. "Studio ya Stefano, karibu."

"Nimekaribia. Mimi Mwanahawa, niko Madimba. Mna picha ya mwanangu."

"Ni picha ipi?"

"Ya mwanangu, nimeshakwambia! Hemedi. Kasimama kwenye chumvi, kashika koleo, meno yote nje kama kaambiwa yanapigwa mnada."

"Ni ya kazi gani?"

"Ya kazi gani? Mama anataka picha ya mwanawe, weye wamwuliza kazi gani? Nataka niitazame! Mjukuu wangu kaiona kwenye simu, tukaenda nayo stesheneri tuchapiwe. Kijana wa pale kaisoma, karuka hatua mbili. Eti imeandikwa haki zote zimehifadhiwa, akiinakili atashtakiwa. Nikamwambia, baba, unanieleza nini kuhusu kuhifadhi? Miezi tisa nimemhifadhi mimi!"

Somoe alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na kilimshtua mwenyewe, maana mle ndani hakikuwahi kusikika.

"Wewe huombi, mama," alisema, na maneno hayo hayakuwemo kwenye boksi. "Mama wa aliyemo kwenye picha haombi. Nitakutolea."

"Alhamdulillahi. Sasa niambie jambo moja, mwali. Mjukuu kanisomea mwaka, kasema elfu mbili ishirini na tano. Si ndiyo huu tulio nao?"

"Ndiyo huu."

"Na hapo kwako ndivyo ilivyoandikwa?"

Somoe aliitafuta picha, akaikuta, akatazama chini yake. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Alisikia kitu kama kikohozi, kisha kikapanda, kikapasuka, kikawa kigelegele, kigelegele kikavu cha mtu mzee aliyekuwa hajapiga siku nyingi. Halafu simu ikakatika.

Hakuelewa. Aliitazama picha kwa muda. Kijana mweusi aliyesimama ndani ya weupe, chumvi imempanda hadi kwenye goti, anacheka na mpiga picha kana kwamba wamejuana tangu jando.

Kesho yake baada ya alasiri simu ililia tena, naye hakulitazama boksi.

"Ni mimi tena, mwali wa picha. Jana nilikukatia, salio liliisha na akili nayo iliisha. Nisikilize. Hemedi wangu alivuka Ruvuma mwaka elfu mbili na kumi na saba, kaenda machimboni Msumbiji na wenzake wanne. Wenzake watatu wamerudi. Wa nne tumesikia kafa. Yeye hatujasikia kafa wala hatujasikia mzima. Miaka minane! Kumbe yuko hapahapa Mtwara anachota chumvi, kanipiga chenga mama yake! Nikimshika nitamchapa kwanza, kisha nimkumbatie."

Somoe alisema "ndiyo, mama", akasema tena "ndiyo, mama", na simu ilipokatika alikwenda kwenye kabati la vyuma, akatoa daftari la Stefano. Humo Stefano aliandika kila picha siku aliyoipiga. Somoe alisoma akishuka na kidole, ukurasa baada ya ukurasa, akaukuta mstari.

*14/9/2016. Hemedi wa Madimba, mashamba ya chumvi. Anacheka sana. Nimemwahidi picha.*

Aliusoma mara tatu, kwa sababu alizoea kusoma vibaya mara ya kwanza. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akafungua picha moja baada ya nyingine, na daftari mapajani. Mzee wa Mikindani, elfu mbili na kumi na moja. Wanawake wa dagaa, kumi na nane. Wote alikuwa amewaleta mwaka huu, kwa kidole chake mwenyewe, siku nne mfululizo.

Alijua linalotakiwa. Namba ilikuwa palepale kwenye simu. Ingetosha kuibonyeza na kusema maneno manne. Alikaa mikono imebanwa katikati ya magoti hadi wakati wa kufunga, akafunga, akatembea hadi Likombe. Njiani hakusalimiana na mtu, na hakuna aliyemsalimia.

*

Atasema kesho, Bi Mwanahawa akipiga. Ndivyo alivyojipangia. Na kesho Bi Mwanahawa akapiga, na kabla Somoe hajafungua mdomo, mama akauliza, "Umekula leo?"

Sasa swali kama hilo utalijibuje? Tangu bibi afariki hapakuwa na mtu aliyemwuliza. Simu yake mwenyewe, ile ndogo ya kwenye pochi, ilipokea ujumbe wa kampuni ya mtandao tu, ukimpongeza kwa siku ya kuzaliwa ambayo haikuwa yake.

"Nimekula, mama. Muhogo."

"Muhogo na nini?"

"Na chai."

"Haya! Muhogo na chai, kama mfungwa. Nikija nitakuletea makopa yangu ya muhogo mkavu na kisamvu cha nazi, uone binadamu wanavyokula. Una mume?"

"Sina."

"Hemedi ningekupa, lakini ana mke. Na mke mwenyewe, subhanallah, hilo nitakueleza siku nyingine."

Akacheka, akaaga. Somoe alibaki ameishika simu yenye joto. Nitasema kesho, alijiambia.

Basi zikaenda hivyo. Kila siku baada ya alasiri, isipokuwa Ijumaa ambapo mama alipiga mapema, kabla ya sala. Alimweleza jinsi Hemedi alivyozaliwa na meno mawili tayari. Alimweleza kuhusu mikorosho yake iliyoungua na mmoja uliogoma kuungua. Alimwuliza Somoe juu ya bibi yake, na Somoe akamsimulia, kwa sentensi fupi fupi, jinsi alivyokuwa akimgeuza kitandani na kumwimbia nyimbo za kutwanga. Alikuwa hajamsimulia mtu. Na kila simu ilipokatika lile neno lilibaki kooni palepale, limekaa kama mwiba wa samaki, ambao ukiumeza unachoma na ukiutema unachoma.

Jumatatu mama alipiga na sauti nyingine.

"Mwali wangu, leo nimegombana na nyumba nzima. Sikiliza, niambie kama nimekosea. Mke wa Hemedi, Saida, amekaa miaka minane bila mume. Simlaumu, kakaa vizuri, hata jirani hawana la kusema. Mwaka jana alikwenda kwa sheikh, sheikh akaona ushahidi, akaivunja ndoa. Kapata mchumba, Shafii, mtu wa mashine ya kusaga. Harusi Ijumaa hii, kabla ya Ramadhani. Mchele umeshanunuliwa. Leo nimesimama katikati ya ua nikasema, haoleki! Mume wake yuko hai, nina picha yake ya mwaka huu!"

Somoe alilivuta daftari la Stefano karibu.

"Saida kaanguka chini. Shafii hana raha. Kaka zake Saida wanasema mama kachanganyikiwa, picha haitoshi. Sheikh kasema, leteni hiyo picha niione kwa macho, na mwaka wake. Kwa hiyo Alhamisi naja mwenyewe Mtwara. Nichapie kubwa, jina la mwenye studio liondoke usoni, lakini mwaka ubaki. Mwaka uonekane vizuri, mwanangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mbona sauti yako imekuwa ndogo?"

"Ndivyo ilivyo."

Mama alicheka. "Basi hiyohiyo ndogo unipokee nayo Alhamisi. Nataka nikuone uso wako."

*

Jumatano Somoe alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alishika simu ya studio ampigie Stefano. Lakini kabla hajabonyeza simu ililia yenyewe, na alikuwa dada yake Stefano, anaulizia risiti ya umeme. Somoe alimwomba aseme na kaka. "Ametoka kusafishwa damu, amelala," dada alisema. "Kuna shida?" Somoe alisema hakuna.

Akachukua picha kwenye flashi, akaenda mlango wa pili kwa Mustafa wa fotokopi. Mustafa alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kuwa Somoe hakuwa nayo, alijipa kazi ya kuyasema ya wote wawili.

"Ehe, bubu wa Shangani kaja! Leo utasema au utaandika? Kubwa? Kubwa kiasi gani, hivi? Tingisha kichwa. Haya." Picha ikajitokeza kwenye kioo chake, safi, bila jina katikati, na mwaka chini. Mustafa akainamia. "Huyu yuko wapi? Mbona hili shamba la chumvi nalijua, hapa si pameshafukiwa? Wamejenga ghala, mwaka wa tatu huu. Na wewe umeandika ishirini na tano." Akamgeukia, akiwa na mzaha usoni. "Stefano siku hizi anapiga picha za mizimu?"

Somoe alitazama chini. "Mtu akikosea kuandika kwenye kompyuta," aliuliza taratibu, "inakuwaje?"

"Anafuta! Kompyuta haina kinyongo. Ingekuwa wino, hapo ndiyo ungelia." Akangoja acheke. Alipomwona hacheki, mzaha ukamtoka. "Nichape au nisichape?"

Ilikuwapo njia ya tatu, na Somoe aliiona wazi. Aufute mwaka kabisa. Ampe mama picha isiyo na mwaka wowote, aseme mashine imekata. Sheikh angeipuuza, harusi ingefungwa, na mama angebaki anaamini, na angeendelea kupiga. Kila siku, baada ya alasiri. Umekula leo?

"Usichape," alisema. "Kesho."

Akarudi studio. Akaligeuza lile boksi upande wa nyuma, ambako palikuwa peupe, akatafuta kalamu nene.

*

Bi Mwanahawa alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliingia saa nne asubuhi, khanga mpya juu ya khanga kuukuu, mfuko wa makopa kichwani na kifurushi cha korosho mkononi, akasimama mlangoni akitweta.

"Hodi! Yuko wapi mwali wangu? Ndiyo weye? Mwembamba hivi! Chai na muhogo, nilijua." Akautua mfuko, akaangaza ukutani. "Iko wapi? Nionyeshe."

Somoe alikuwa amesimama nyuma ya meza. Alilichukua boksi kwa mikono miwili, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kama alivyokuwa akisoma darasani, kwa sauti ile isiyofika dirishani.

"Mama, nimekosea. Mwaka ulioandikwa si wa picha. Niliubadilisha mimi Januari. Picha ilipigwa elfu mbili na kumi na sita. Nisamehe."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake hadi isisikike.

"Soma tena," alisema Bi Mwanahawa.

Somoe akasoma tena. Kisha akalifungua daftari la Stefano, akamwonyesha mstari, ingawa mama hakujua kusoma, na akamsomea nao. *Anacheka sana. Nimemwahidi picha.*

Bi Mwanahawa alikaa kwenye kiti cha wateja, kile ambacho watu walikalia zamani kupigwa picha za vitambulisho, na pazia jeupe nyuma yake. Alikaa wima kama wao.

"Kumi na sita," alisema. "Alikuwa hajavuka."

"Alikuwa hajavuka, mama."

"Jumanne ya wiki ile, mpaka leo Alhamisi." Alihesabu kwa kidole gumba kwenye pingili za vidole. "Siku tisa. Siku tisa nimekuwa na mwana." Aliinua macho. Hayakuwa na machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Weye ulijua lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili! Na hukusema. Mtu mzima nimesimama uani nimemzuia mtoto wa watu asiolewe, nimewaita kaka zake wapumbavu, na weye unajua. Kwa nini hukusema?"

Hilo halikuwa limeandikwa kwenye boksi. Somoe aliligeuza huku na huku, kana kwamba jibu lingekuwa upande mmojawapo.

"Ulikuwa unanipigia," alisema.

Bi Mwanahawa alimtazama. Alikitazama kile chumba: meza moja, kitambaa, simu iliyolala juu yake, kamera zilizofunikwa mifuko ya nailoni, kikombe kimoja. Aliangalia muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka hasira na haoni stuli.

"Kumbe," alisema mwisho, "tulikuwa tunakula sahani moja, na wote tulikuwa tunakula upepo."

Akaomba simu. Somoe akambonyezea. Bi Mwanahawa alizungumza akiwa ameukabili ukuta. "Nipe Saida. Saida? Paka hina. Ndiyo, nimesema paka hina yako, mwanangu. Sheikh mwambieni sina picha ya kumwonyesha. Mimi ndiye niliyekosea, usilie, utaharibu macho kesho." Alisikiliza. "Hapana. Hakuonekana. Hakuonekana popote."

Somoe alibadilisha mwaka hapohapo mbele yake, tarakimu mbili, akaenda kwa Mustafa. Mustafa alimtazama uso, kwa mara ya kwanza hakusema lolote, akachapa. Picha ilitoka kubwa na ya moto, Hemedi anacheka katikati ya weupe, hakuna maandishi usoni pake, na chini kabisa mwaka wa kweli.

Bi Mwanahawa aliipokea, akaipitishia kiganja kama anayefuta vumbi. Aliifunga ndani ya khanga yake ya juu. Mlangoni alisimama, bila kugeuka mwili mzima.

"Makopa nilimletea mtu. Sijui kama ni weye. Lakini siwezi kurudi nayo. Yaloweke kabla ya kupika."

Akaondoka. Korosho nazo zilibaki juu ya meza.

*

Kurudisha miaka kulichukua siku nyingi kuliko kuibadilisha, maana sasa kila picha ilikuwa na mwaka wake na ilibidi kuutafuta daftarini. Somoe alimwandikia Stefano ujumbe, akaufuta, akauandika tena, akautuma: *Kaka nilibadilisha miaka yote hata ya picha. Narudisha. Kuna mama niliyemuumiza.* Jibu lilikuja baada ya siku mbili. *Kosa ni langu, sikukufafanulia. Endelea taratibu.* Aliendelea. Mzee wa Mikindani akarudi kumi na moja. Wanawake wa dagaa wakarudi kumi na nane. Mmoja mmoja aliwarudisha walikotoka, na kila aliyerudi alikuwa kama mtu anayeaga na kuufunga mlango nyuma yake.

Simu haikulia. Ramadhani iliingia. Alifuturu kwa makopa aliyoyaloweka, peke yake tangu siku ya kwanza, na yalikuwa matamu. Baada ya alasiri alijikuta anakaa karibu na meza bila kazi. Mara moja ililia, akaruka. Alikuwa mtu wa kalenda, anataka picha ya wabanguaji. Somoe alisoma boksi, upande wake wa zamani, akasema asubiri atamwuliza mwenyewe.

Picha ya mwisho aliirudisha Jumanne. Hakukuwa na mwaka mwingine wa kurekebisha. Alifunika kompyuta kwa kitambaa, akakaa. Alasiri iliadhiniwa msikiti wa karibu, sala ikasaliwa, watu wakatoka, viatu vikaburuzwa njiani. Somoe akaishika simu. Akaenda kwenye orodha ya waliopiga, akashuka na kidole, hadi siku zile tisa zilipokuwa zimepangana, namba ileile siku baada ya siku. Boksi aliliinamisha mezani ili asilione, upande wowote.

Akabonyeza.

Ililia mara nne, na kila mlio moyo ulimwomba akate. Halafu alisikia kinu, mtu anatwanga karibu, na pumzi.

"Nani?"

"Mama, ni mimi."

"Studio?"

"Hapana," alisema Somoe. "Si studio. Ni mimi tu." Na hapo ndipo alipogundua kuwa katika siku zile zote, pamoja na muhogo na bibi na nyimbo za kutwanga, hakuwahi kumtajia jina. "Naitwa Somoe."

Mchi ulisimama. Kule Madimba hakuna aliyesema neno, lakini simu haikukatika. Somoe aliibana sikioni kwa mikono miwili, akangoja.